Tutoke Kwenye Kapu la "Nyinginezo"

Kauli hii inasikika kwenye vikao vya wafanyabiashara, kwenye ofisi za mawakala wa forodha, na hata midomoni mwa watu waliokabidhiwa sera ya biashara ya nchi zetu: mabadiliko ya misimbo ya forodha ni kazi ya makarani. Wakubwa wa Brussels wakishapanga namba zao watatuletea jedwali, sisi tutalipakia kwenye mifumo yetu, mawakala watafundishwa kwenye semina, na mizigo itaendelea kutoka bandarini kama jana. Kwa mtazamo huo hakuna la kujadili, kwa sababu namba haina chama wala upande.

Naipinga kauli hiyo yote. Toleo jipya la misimbo litaanza kutumika duniani tarehe 1 Januari 2028, na nchi zetu zinajiandaa kulipokea vilevile zilivyoyapokea yaliyotangulia, yaani kwa kunyoosha mkono. Nasema mazoea hayo yametugharimu, yanatugharimu leo, na wanaoyatetea kwa jina la utaalamu hawajafuatilia mahali ambapo hasara inaingilia.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe, unaofahamika kwa kifupi kama HS. Mkataba wake ulitiwa saini Brussels mwezi Juni 1983, ukaanza kazi 1 Januari 1988, na unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Nchi na himaya za forodha zaidi ya 200 zinautumia, na karibu asilimia 98 ya bidhaa zinazovuka mipaka ya dunia zinapita humo. Kila bidhaa ina tarakimu sita: mbili za mwanzo zinataja sura, mbili zinazofuata zinakamilisha kifungu, mbili za mwisho ni kifungu kidogo. Minofu mibichi ya sangara iliyopoozwa ni 0304.33, ikigandishwa inakuwa 0304.63. Afrika Mashariki tumeongeza tarakimu mbili zetu, ndiyo maana jedwali la Ushuru wa Pamoja lina tarakimu nane. Kila baada ya miaka kadhaa tarakimu sita za dunia hupitiwa upya: ilikuwa 1992, 1996, 2002, 2007, 2012, 2017 na 2022. Toleo la 2028 limebeba mafungu 299 ya marekebisho ambayo kamati ya Brussels iliyamaliza Machi 2025.

Kwa hesabu hiyo tu, mtu anaweza kudhani kwamba ni kazi ya maktaba, kupanga vitabu kwenye rafu. Basi na tuanze na kuku.

Kuelekea mwaka 2000, Brazil na Thailandi zilikuwa zikiuza Ulaya nyama ya kuku isiyo na mifupa, imegandishwa na kutiwa chumvi kidogo, kati ya asilimia 1.2 na 3. Forodha za Ulaya ziliipokea katika kifungu cha 0210, nyama iliyotiwa chumvi, ambacho ushuru wake ulikuwa asilimia 15.4. Mwaka 2002 Ulaya ikatoa kanuni mpya: chumvi hiyo haitoshi kuihifadhi nyama, kwa hiyo huyo ni kuku wa kugandishwa tu na mahali pake ni 0207. Huko ushuru ulikuwa euro 102.4 kwa kila kilo 100. Kuku hakubadilika, mfugaji hakubadilika, wala chumvi haikupungua. Kilichobadilika ni kifungu, na soko likafungwa kwa wakulima wa mabara mawili. Brazil na Thailandi zilikwenda Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2005 zikashinda mpaka kwenye ngazi ya rufani. Zilishinda kwa sababu zilikuwa na watu waliokuwa wakisoma misimbo kila siku, wakaelewa mara moja walichofanyiwa. Najiuliza ingekuwaje kama kanuni ile ingeigusa bidhaa ya Mwanza au ya Kisumu, na nani angekuwa wa kwanza kupiga kelele.

Ila kesi ya kuku ni ya mapambano ya wazi. Hasara kubwa zaidi kwetu haina kelele.

Chukua katani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miongo kadhaa ndio ulioibeba nchi. Miaka ya mwanzo ya uhuru mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza na Kilosa yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotushinda. Mfumo wa HS ulipoanza, singa za katani zilikuwa na kifungu chao, 53.04: katani na nyuzi nyingine za jamii ya mkonge, zikitenganishwa ghafi na zilizosindikwa. Katika toleo la 2007 kifungu hicho kilifutwa. Tangu hapo singa zetu zimo katika 53.05, pamoja na nyuzi za makumbi ya nazi, abaka ya Ufilipino, rami, na nyuzi nyingine zote za mimea ambazo hazikutajwa mahali pengine. Zimewekwa katika kifungu kidogo kimoja ambacho hakigawanyiki. Ukifungua takwimu za biashara ya dunia kwa tarakimu sita, huwezi tena kutofautisha singa za Korogwe na makumbi ya nazi ya India.

Kuna kanuni nyuma ya ufutaji wa namna hii, na wachache kwetu wanaifahamu. Kifungu kidogo ambacho biashara yake duniani haifiki dola milioni 50 kwa mwaka huwekwa kwenye orodha ya vinavyoweza kuondolewa. Kwa kifungu kizima kiwango ni dola milioni 100. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye nchi ya viwanda vikubwa, dola milioni 50 ni fedha ndogo, na kukisafisha kitabu kwa kuondoa vitu vidogo ni busara ya kawaida. Kwa wilaya inayoishi kwa zao moja, dola milioni 50 ni shule, zahanati, na mishahara ya watu wanaolisha koo nzima. Kanuni inayopima umuhimu kwa ukubwa wa biashara ya dunia humsikiliza mwenye biashara kubwa, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Na katani ilipungua baada ya nyuzi za plastiki kuteka soko, hilo nalikubali. Leo dunia inaikimbia plastiki na inatafuta nyuzi za mimea, wanunuzi wanarudi, Tanzania inahimiza upandaji mpya wa mkonge, na anayetaka kujua soko la singa ghafi linakua kwa kasi gani, wapi na kwa bei gani, anakuta kifungu chake hakipo. Kamba za katani bado zina namba zake, 5607.21 kwa kamba za kufungia mazao na 5607.29 kwa nyinginezo. Kwa hiyo dunia inajua kuhesabu kamba, na malighafi inayotoka shambani kwetu imeachwa bila jina.

Kichwani mwa makala nimetaja kapu la "nyinginezo", nami sitalitumia kama tashbihi ya mapambo. Neno hilo liko kwenye jedwali lenyewe, mwishoni mwa karibu kila kifungu. Kila kisichotajwa huingia humo. Na kinachoingia humo hakionekani tena, na kwa tarakimu hizo sita pekee hakiwezi kuwekewa ushuru wake, hakiwezi kupewa msamaha wake, hakiwezi kufuatiliwa kikitoroshwa, na hakuna waziri anayeweza kusimama bungeni na kusema kimeuzwa kiasi gani nje.

Tanzanaiti imo humo. Jiwe hili linachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, na halijapatikana kwa uchimbaji wa biashara mahali pengine popote duniani. Ukifungua sura ya 71, vito vilivyokatwa vya rubi, yakuti na zumaridi vina kifungu chao kidogo kwa majina, 7103.91. Tanzanaiti iliyokatwa inaingia 7103.99, vito vinginevyo, pamoja na kila jiwe la rangi lenye thamani na lisilo na bahati ya kutajwa. Ikiwa ghafi, inaingia 7103.10 pamoja na vito ghafi vyote. Mwaka 2018 Tanzania ilizungushia eneo la Mererani ukuta wa zaidi ya kilomita 24 ili kuzuia utoroshaji. Nauunga mkono ukuta ule. Lakini ukuta unazuia mguu wa mtu. Jiwe likishavuka na kufika Jaipur, mji ambako tanzanaiti nyingi hukatwa, linaandikwa kwa tarakimu zisizolitaja, na alama zake zimefutika kwenye hesabu ya dunia.

Linganisha na dhahabu. Dhahabu ina kifungu chake, 7108, na kila forodha duniani inakitumia. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 waandishi wa Reuters waliweza kufanya jambo ambalo serikali nyingi za Afrika hazikulifanya: walichukua takwimu za forodha za Falme za Kiarabu, wakazilinganisha na zile ambazo nchi za Afrika zilikiri kuuza. Falme za Kiarabu ziliandika kwamba mwaka 2016 ziliingiza dhahabu ya dola bilioni 15.1 kutoka Afrika. Kwenye vitabu vya wauzaji sehemu kubwa ya dhahabu hiyo haikuwepo. Pengo hilo lilizua mjadala wa bara zima, na silaha iliyolifichua ilikuwa tarakimu nne zinazoandikwa vilevile Dubai, Kampala na Dar es Salaam. Mbinu hii ya kulinganisha vitabu vya muuzaji na vya mnunuzi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumkamata mtoroshaji, na haifanyi kazi pale ambapo pande mbili hazina namba moja ya bidhaa ile.

Nenda Kivu Kaskazini uone matokeo yake. Koltani ya Rubaya ni madini ambayo watu wameyafia, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi yanavyovushwa mipaka kwa siri. Koltani ni mbale ya tantali na niobi. Katika toleo linalotumika sasa mbale hizo zimo 2615.90 pamoja na mbale za vanadi. Madini ya zirkoni, ambayo hayana vita nyuma yake, ndiyo yaliyotengewa kifungu kidogo, 2615.10. Sisemi kwamba namba ingesimamisha bunduki. Nasema kwamba kila anayedai kutaka kufuatilia madini ya damu, akiwa Kinshasa, Kigali, Brussels au Washington, angeanza kwa kuomba koltani itenganishwe kwenye tarakimu sita, na kwamba nchi yenye haki ya kwanza kuomba hivyo ni Kongo yenyewe.

Hapa wenye kauli ninayoipinga hunijibu: tuna tarakimu zetu mbili, tugawe wenyewe. Ni hoja ya haki, na inastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imezitumia tarakimu hizo vizuri. Khanga, kikoi na kitenge vina mstari wao katika jedwali letu, na kwa miaka mingi vimewekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti kwa ushuru wa asilimia 50 ili kulinda viwanda vya nguo. Walioandika mstari huo walijua kabisa kwamba msimbo ni sera, kwa hiyo hakuna afisa wa Jumuiya anayeweza kuniambia kwamba namba hazina upande. Tarakimu zetu lakini zinatusaidia kwa kinachoingia kwetu, kwa kuwa mlangoni tunasimama sisi. Kwa kinachotoka zinaishia mpakani. Mnunuzi wa Hong Kong hajui tarakimu yetu ya saba na ya nane, wala hana wajibu wa kuzijua, ana zake. Na nchi ambazo uchumi wao unategemea kuuza nje mazao na madini zina haja kubwa zaidi na tarakimu sita za pamoja kuliko nchi nyingine zozote.

Jibu la pili husema: mfumo ni wa kitaalamu, waliopo Brussels hufuata sayansi na teknolojia, kitu kikistahili kutajwa kitatajwa. Historia ya matoleo haithibitishi hilo. Kinachotajwa ni kilichoombewa. Toleo la 2022 lilizipa ndege zisizo na rubani kifungu chake, 8806, likatenga simu janja na simu za kawaida, likatenganisha paneli za sola na taa za diodi ambazo kabla ya hapo zilikuwa kifungu kidogo kimoja, likatunga kifungu cha taka za umeme na elektroniki, 8549, na kingine cha sigara za kielektroniki. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na wizara, shirika la kimataifa, au sekta ya viwanda iliyobisha hodi. Makubaliano ya kupunguza gesi za majokofu yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016 yangekuwa magumu kutekelezwa kama gesi hizo zingebaki zimechanganywa. Wahusika wa mazingira walilipeleka suala Brussels, na katika toleo la 2022 gesi zikatajwa kwa majina. Toleo la 2017 liliitaja dawa ya malaria ya jamii ya artemisinini, vipimo vya malaria, na vyandarua vya kufumwa vilivyotiwa dawa, ambavyo Arusha tunavitengeneza. Walioongoza vita dhidi ya malaria walitaka kuona bidhaa hizo zikipita mipakani bila kukwama, wakasema, wakasikilizwa.

Sangara mwenyewe ni ushahidi. Kabla ya 2012 hakuwa na jina katika sura ya samaki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisukuma marekebisho makubwa ya sura hiyo ili biashara ya samaki iweze kufuatiliwa, na katika toleo la 2012 minofu ya sangara ikapata 0304.33 na 0304.63, kwa jina lake la kisayansi. Samaki wa Ziwa Viktoria akaonekana kwenye vitabu vya dunia. Namshukuru aliyefanya kazi hiyo, na papo hapo nauliza kwa nini haikuanzia Mwanza, Kisumu au Entebbe.

Kwa sababu kama ingeanzia huku, isingeishia kwenye minofu. Mvuvi yeyote wa Ukerewe angewaambia kwamba thamani ya sangara imehamia tumboni mwake. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo, yanauzwa kwa Wachina kwa bei ambayo minofu haiisogelei, na ukubwa wa bondo ndio unaoamua bei. Biashara nzima imejengwa juu ya kiungo hicho: kuna wanaoyakausha, wanaoyapanga kwa gramu, wanaoyavusha mpaka usiku. Toleo lilelile la 2012 liliyaweka mabondo yaliyokaushwa katika 0305.72, kifungu kidogo ambacho maelezo yake ni vichwa, mikia na mabondo ya samaki. Kilo ya mabondo na kilo ya vichwa vya samaki zimeandikwa kwa namba moja. Afisa wa forodha anayeona kwenye tamko kwamba kontena ina tani kumi za 0305.72 hawezi kujua kwa namba hiyo pekee kama anatazama mali ya thamani kubwa au mabaki ya kiwanda, na wizara inayotaka kujua bei ya wastani ya mabondo nje inapata wastani wa vitu viwili visivyolingana kwa lolote. Anayeandika thamani ya chini ili kukwepa tozo anapata kificho ndani ya sheria yenyewe. Walioandika maneno yale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa mbali na ziwa, na aliye karibu na ziwa hakuwa mezani.

Angalia upande wa pili uone tofauti. Korosho zimegawanywa katika tarakimu sita: zenye maganda 0801.31, zilizobanguliwa 0801.32. Kwa mgawanyo huo mdogo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuona ni kiasi gani cha korosho za Mtwara na Lindi kinaondoka kikiwa ghafi, nchi gani inakinunua, na ni kwa bei gani nchi hiyohiyo inakiuza tena kikiwa kimebanguliwa. Mjadala wote wa Tanzania kuhusu kubangua nyumbani unasimama juu ya pengo hilo linaloonekana. Wakulima wa mkonge na wavuvi wa mabondo hawana pengo la kuonyesha.

Kuna wafanyabiashara ambao hoja yao ni tofauti na nzito zaidi. Wao wanasema mabadiliko yenyewe ni mzigo: kila toleo jipya huvuruga vibali, mikataba na bei. Nawaelewa. Mwaka 2022 toleo la dunia lilianza 1 Januari, na jedwali letu la Ushuru wa Pamoja likaanza 1 Julai pamoja na mwaka wa bajeti, likiwa na daraja jipya la asilimia 35. Kwa miezi sita ankara za China zilibeba namba mpya huku mifumo yetu ikitambua za zamani, na kazi ya kutafsiri namba hadi namba ikaangukia kwenye meza ya wakala na mfuko wa mwenye mzigo. Namba ikikosewa, mambo hayaishii pale bandarini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inairuhusu mamlaka kudai ushuru uliopungua hadi miaka mitano nyuma. Kampuni kubwa ina mwanasheria wa kulipeleka dai hilo kwenye baraza la rufani za kodi. Mama anayeagiza vipuri vya cherehani kutoka Guangzhou hana, na deni la miaka mitano linaweza kumfunga duka.

Lakini mzigo huo wote umetokana na kupokea. Nchi iliyoshiriki kuandika mabadiliko inayajua miaka miwili au mitatu kabla hayajafika, inaandaa jedwali lake la ulinganifu mapema, inatoa uamuzi wa awali kwa waagizaji kama Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ulioanza kutumika 2017, unavyotaka, na inaanza siku moja na dunia. Mkataba wa HS unaweka utaratibu ulio wazi: marekebisho yakishapendekezwa na Baraza la Shirika la Forodha, kila nchi mwanachama ina miezi sita ya kupinga. Asiyesema kitu amehesabiwa kuwa amekubali. Marekebisho ya 2028 yamewekwa mezani muda mrefu kabla ya siku yake. Kuingia 2028 tukiwa tumechelewa miezi sita tena litakuwa chaguo letu wenyewe, na wafanyabiashara wana haki ya kudai kwa sauti kwamba jedwali la tarakimu nane liwe tayari 1 Januari, hata kama bajeti inasubiri Julai.

Na wale wanaosema hatuna nguvu ya kushindana na wakubwa kwenye kamati hizo, nawaomba wausome mkataba wenyewe. Umoja wa Ulaya na wanachama wake 27 wana kura moja kwa pamoja, kwa kuwa mkataba unasema umoja wa forodha na wanachama wake hupiga kura moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijajiunga kama Jumuiya, kwa hiyo kila nchi yetu iliyo mwanachama wa mkataba ina kura yake kamili. Katika chumba kile Kenya ina kura sawa na Ulaya nzima. Uganda ina kura sawa na Ulaya nzima. Ni vikao vichache vya dunia vyenye mizani ya namna hiyo, nasi tumeviita kazi ya makarani.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko kinachodhaniwa. Pendekezo la kifungu kidogo kipya ni waraka: bidhaa ni ipi, inatambulikaje kwa macho au kwa maabara, biashara yake ni kiasi gani, kwa nini itenganishwe, na maneno yanayopendekezwa. Serikali ya nchi moja inaweza kuupeleka. Mzunguko wa 2028 umefungwa, na wa baada yake hujengwa miaka mingi kabla haujatangazwa, kwa hiyo muda wa kuandika ni huu. Mimi ningeanza na mabondo. Yanatambulika kwa jicho, hayafanani na kichwa wala mkia, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda ndizo zilizoliunda na ofisi yake iko Jinja, liko mahali pazuri pa kukusanya ushahidi wa bei na uzito kutoka pande zote tatu za ziwa. Mara moja, bila kusubiri mtu yeyote, Jumuiya ingeyatenga katika tarakimu yake ya saba na ya nane, ili waraka utakapofika Brussels uwe na takwimu za miaka kadhaa nyuma yake. Kisha tanzanaiti, ambayo ni ya Tanzania peke yake kuiombea. Kisha katani, kwa Tanzania na Kenya kwa pamoja na kwa kumwita Brazil mezani, kwa kuwa naye ni mkulima wa mkonge na alipotezewa kifungu kilekile.

Mawaziri wa biashara na fedha wa Jumuiya hukutana kila mwaka kabla ya bajeti kupanga viwango vya ushuru. Kwenye kikao kijacho wawekewe ajenda moja zaidi: nani kutoka kila nchi atakaa Brussels kwenye kamati ndogo ya mapitio, kwa jina na kwa bajeti, na waraka wa kwanza utawasilishwa lini.